Barua Iliyokataza Makala

Kazi yangu ilianza Jumanne, tarehe 4 Oktoba 1966, saa mbili na robo asubuhi. Papa Hangi, mkubwa wa posti ya mifugo ya Masisi, alinikuta nimesimama mlangoni na viatu mkononi kwa sababu ya matope. Aliangalia saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni, akasema: "Umechelewa dakika kumi na tano. Ao saa yangu njo inakimbia. Kesho tutajua nani kati yenu iko muongo." Kesho yake nilifika saa moja na nusu. Mlango ulikuwa umefungwa na mbuzi amelala kizingitini. Papa Hangi alifika saa tatu.

Leo nimestaafu. Najua, Furaha, utacheka, maana nina miaka kumi na saba. Masista wamefungua tena ngazi ya nne ya sekondari na mimi narudi kwenye benchi mwezi wa tisa. Papa Hangi anasema mimi ni mustaafu wa kwanza katika Kongo nzima ambaye mama yake bado anamsuka nywele. Lakini ni yeye aliyetaka nikuandikie. "Andika vile ulikosa," alisema. "Vile ulifanya muzuri vitajiandika vyenyewe." Basi wewe unayekuja kukaa kwenye kiti hiki (mguu wa nyuma wa kushoto ni mfupi, una jiwe lake, usilitupe), haya ni yako. Habari ya mshahara sitaiandika, ni fupi mno. Na cheo nilikuwa nacho kimoja tu tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho: "yule musichana wa Kifaransa".

Siku ile ya kwanza nilidhani nitaandika. Nilikuwa nimenoa penseli tatu. Papa Hangi alinipeleka nyuma ya biro, ndiyo ofisi yetu, kwenye kibanda cha saruji, akanipa kondoo dume nimshike kichwa ili yeye amfungue mdomo. Mimi ni muntu wa haya, utaambiwa. Nilimshika yule kondoo masikio na nikamwambia polepole, "Pardon."

Papa Hangi aliinua macho. "Umemuomba ruhusa?"

Niliendelea kumshika masikio.

"Na yeye amesema nini?"

Safari, planto wetu, yule mwenye kubeba barua kutoka kilima mpaka kilima, alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo kila kondoo aliyepanda kwenye saruji aliitwa Pardon. Hata wewe utasikia: "Leta Pardon wa pili." Usiulize, ndiyo asili yake.

Sasa kazi yenyewe. Kondoo wa Masisi wanachungwa juu kabisa, kwenye baridi, pamoja na ng'ombe. Kila Jumatano wanashuka. Wale ambao nyama yao itatoka inchi ya Kongo lazima wapite hapa kwetu. Papa Hangi anawaangalia kwanza wakiwa wazima: macho, pua, mdomo, kwato, namna wanavyotembea. Anayechechemea anarudi nyumbani, hata mwenye kondoo akiapa kwamba ni uvivu tu. Kisha wanachinjwa mbele yake, na yeye anakata ini, mapafu, na zile tezi ndogo chini ya taya na ndani ya paja. Akiridhika anapiga kashe ya wino wa zambarau kwenye mabega na mapaja. Mimi naandika sertifika. Alhamisi mapema kamyo inachukua nyama mpaka Goma, na kutoka pale inavuka mpaka. Nyama bila kashe haivuki. Kashe bila sertifika haivuki. Sertifika yenye kufutwafutwa haivuki, na hapo njo utajifunza kuandika bila kukosa.

Ule wino, Furaha, hautoki. Sabuni haiujui, ndimu haiujui. Nilienda kupokea komunyo na kidole gumba cha zambarau, mama mmoja nyuma yangu akanong'ona: "Huyu wamemupitisha, anaweza kuvuka."

Kuhusu ini nitakuambia moja. Jumatano yangu ya tatu Papa Hangi alikata ini la kondoo mnene, mzuri, na ndani ya mishipa mkatoka vitu bapa kama vijani vidogo, vinajikunja. Ni minyoo. Kondoo anaipata akila majani ya mahali penye maji yaliyosimama. Mchuuzi mwenye nyama alisema: "Papa, ondoa tu majani hayo, ini iendelee na safari." Papa Hangi alimpa kisu kwa upande wa mpini. "Ondoa wewe. Halafu pika. Halafu kula hapa mbele ya mutoto. Ukimaliza nitapiga kashe." Mchuuzi alikumbuka kwamba ana muntu anamngoja. Ini lilienda shimoni na tukalimwagia petroli ya taa ili mbwa wasilifukue. Ndivyo Papa Hangi anavyofundisha. Hakusema neno la sheria hata moja, na mimi sheria ile siwezi kuisahau.

Mtu mwingine utakayemzoea ni Papa Rukara wa Muheto. Ana ng'ombe, na kondoo wake ndio wazuri kuliko wote wanaoshuka hapa. Lakini kwao kondoo haliwi. Wanamchunga katikati ya ng'ombe kwa sababu wanasema analeta utulivu katika kundi. Kumla ni kama kula jirani mpole. Kwa hiyo wanamuuza aende mbali, ambako hawatamwona kwenye sahani. Sisi wa maharagi na mihogo tunamla bila wasiwasi. Papa Hangi ni wetu. Kila Jumatano wale wazee wawili walikuwa na mchezo wao.

"Rukara, mimi nikikula kondoo, ng'ombe zako zitaanza kupigana?"

"Hapana, Hangi. Lakini wewe utaanza kulia 'mee' katikati ya misa."

"Bora kulia 'mee' kuliko kunuka siagi."

Na walikuwa wanagawana tumbako ileile.

Miezi mingine sitakuandikia yote. Kulikuwa na miezi ambapo barabara ya Sake haikupitika, na pale Mubambiro askari walikuwa wanasimamisha kila kamyo na kutaka kuona sertifika, huku wameishika kichwa chini miguu juu. Kulikuwa na mvua iliyobeba paa la kibanda. Nilijifunza kupiga mashine kwa vidole vinne. Nilijifunza kupima joto la kondoo, na pale kipimajoto kinapowekwa sitaandika, utaonyeshwa. Na mara mbili kila mwaka Papa Hangi alikuwa anateremka Walikale mpaka Itebero, kuangalia mifugo inayoshushwa msituni. "Kule," anasema, "barabara inaishia na miguu inaanza." Akiwa hayupo hakuna kuchinja, hakuna kamyo, na kashe anaondoka nayo, imefungwa kwenye leso, leso imefungwa kiunoni. Mimi nabaki na mashine, mafaili na mbuzi wa kizingitini.

Ilikuwa katika safari yake ya mwisho, mwezi wa sita mwaka huu, nilipofanya kosa ambalo ni sababu ya daftari hili.

Barua ilifika Jumatatu kutoka juu, kwa Kifaransa, na muhuri mwekundu wa haraka. Ilitakiwa nitafsiri kwa Kiswahili, nipige kopi, na Safari azipeleke kwa machifu wa vilima vyote. Nimeshatafsiri barua nyingi. Hii ilikuwa fupi. Ilisema kwamba kumeonekana charbon kwa kondoo. Kwamba mnyama mwenye charbon asitoke inchi, asichinjwe, asichunwe. Kwamba kila charbon ionyeshwe kwa munganga wa ng'ombe, ndiye Papa Hangi.

Charbon. Nilijua neno hilo tangu darasa la tano la msingi. Ni makala, yaani makaa, haya ya kupikia na ya kufulia chuma. Nilifungua kamusi, nikaona sawa: mti uliochomwa. Ni kweli nilisimama kidogo. Makala na kondoo wanatafuta nini pamoja? Lakini nilikuwa nimeona kwa macho yangu kondoo wakilamba majivu kwa ajili ya chumvi, na kutafuna hata kipande cha makala jikoni kwa mama. Nikajiambia: basi wakubwa wamegundua kwamba makala inaharibu nyama. Wakubwa wanagundua vitu.

Kamusi ile, Furaha, ilikuwa na maelezo ya pili chini ya lile neno. Kwa herufi ndogo. Sikufika pale.

Ningeweza kuvuka barabara nikamuuliza Sista. Ni hatua hamsini. Lakini mimi nilikuwa yule musichana wa Kifaransa, na yule musichana wa Kifaransa anaulizaje neno la darasa la tano? Niliona haya. Nakuandikia hivyo wazi kwa sababu wewe pia una haya, nilikuona ulivyosalimia ukiangalia viatu. Basi nikapiga mashine: "Serikali imekataza makala kwa kondoo. Kondoo mwenye kula makala asitoke inchi, asichinjwe, asichunwe. Makala yote ionyeshwe kwa munganga wa ng'ombe." Kopi tisa. Hakuna hata herufi moja iliyofutwa. Nilijisifu.

Alhamisi Papa Rukara alikuja peke yake, bila kondoo. Alivua kofia.

"Mademwazeli, Hangi iko?"

"Iko Itebero, Papa. Atarudia Posho ao Yenga."

Kwetu Posho ni Jumamosi na Yenga ni Jumapili. Alikuna mkono wake wa kuume, akasema kondoo wawili wamemfia jana. Asubuhi walikuwa wazima, wanakula. Mchana wamelala chini, miguu imenyooka. Mmoja ametoka damu puani, nyeusi, haigandi. Alimchuna huyo mmoja aone ni nini. Wa pili bado hajamgusa.

Nilichukua kopi yangu ya barua, kama mtu wa kazi. "Walikula makala?"

"Makala?" Papa Rukara alinitazama. "Kondoo?"

"Njo amri, Papa. Imetoka juu."

"Hapana. Walikula majani. Sisi kule juu hatuna hata makala."

"Basi hakuna shida."

"Na nyama yake haiwezi kuvuka mpaka?"

Hilo nililijua. "Hapana, Papa. Kashe ni ya mnyama amechinjwa mbele ya Papa Hangi. Amekufa mwenyewe, havuki."

"Hilo najua, niliuliza tu. Na majirani? Sisi hatuli, unajua. Nikitupa, watasema Rukara anatupa nyama na watu wanalala njaa."

Nilisoma barua tena. Niliisoma mpaka mwisho. Nikasema: "Amri inakataza makala tu."

Akashukuru. Alisema nimejibu kwa adabu kama mutu mukubwa, na kwamba atamwambia mama yangu. Mama analima maharagi Muheto, chini tu ya malisho yake, na mimi narudi kwake Jumamosi tu. Nilifurahi, Furaha. Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo, kwamba nilifurahi.

Jumamosi asubuhi, nikifungua biro, nilikuta mfua chuma wa sokoni ameketi kizingitini mahali pa mbuzi, na gunia limejaa mbele yake. Jasho lilikuwa limemchora mistari usoni.

"Jambo, Papa. Unaleta nini?"

"Makala." Aliinuka, akafungua gunia. "Chifu amesema kila makala ionyeshwe kwa munganga wa ng'ombe. Nimeleta yote. Angalia. Ni ya muti muzuri."

Niliangalia ndani ya gunia. Yalikuwa makala mazuri.

"Atayapiga sindano ao kashe tu?" aliuliza.

Nikiwa bado nimeinamia gunia, sauti nyuma yangu ilisema: "Leta Pardon wa kwanza." Ilikuwa Papa Hangi. Alikuwa ametembea kutoka msituni, suruali imekunjwa mpaka gotini, miguu imefungwa vitambaa kwa sababu ya malengelenge. Alikuwa anacheka. Mfua chuma alimweleza habari ya amri, naye akazidi kucheka, akaomba barua. Nilimpa ya Kifaransa na yangu.

Alisoma ya Kifaransa. Kicheko kiliisha polepole, kama taa inayoishiwa mafuta.

"Vumilia," alisema. Hakuwahi kuniita kwa jina. "Nani amekuja hapa na habari ya kondoo amekufa?"

Nilimwambia yote. Damu nyeusi. Majirani. Aliketi kwenye gunia.

"Charbon ni ugonjwa," alisema. "Inaua kondoo kati ya asubuhi na mchana. Inaua na muntu. Akikula, akigusa, akichuna. Wanaiita hivyo kwa sababu kidonda yake inakuwa nyeusi kama hii unaona hapa." Aligonga gunia. "Rukara amempa nani?"

Safari alikuwa ndiyo anaingia, amemaliza vilima vyake vyote, anajivunia. Ni yeye aliyejibu. "Nilimukuta jana jioni akishuka na paja. Alikuwa anaipeleka kwa Mama Vumilia. Anasema ingine atagawa kesho kisha misa."

Sikumbuki uso wa mtu yeyote pale. Nakumbuka tu nilisema: "Lakini mpaka... nilikataza isivuke mpaka."

Papa Hangi hakupaza sauti. "Mpaka iko kule Goma, ao iko ku nyungu ya mama yako?"

Kisha akaangalia miguu yake, akaangalia yangu. "Kimbia. Mimi nitakufuata na chokaa. Usiguse nyama. Sema asiguse. Kimbia, mwanangu."

Kutoka Masisi mpaka Muheto kwa mwendo wa kawaida ni saa tatu na zaidi. Unajua kwetu: mtu hapiti mtu bila salamu, na salamu ina mama, ina baba, ina ng'ombe, ina mvua. Mimi siku ile sikumsalimia mtu. Wanawake waliokuwa wanapalilia waliinua migongo: "Eh! Mutoto wa serikali hasalimie tena!" Mwingine: "Ameiba nini?" Mzee mmoja wa jamaa yetu alinyoosha mkono na mimi nikaupita, bado unaning'inia hewani mpaka leo, maana hajanisamehe. Kwenye kila kilima niliona moshi wa jikoni, na kila moshi nilidhani ni wa kwetu. Nilihesabu: wanakula jua likiwa juu ya mgomba wa nyuma. Jua lilikuwa karibu pale.

Mama alikuwa ameketi mbele ya moto. Nyungu ilikuwa inachemka.

"Iko nini ndani?" Nilisema bila hata jambo.

"Na wewe umekuwa nani, unaingia hivyo?"

"Mama, iko nini ndani ya nyungu!"

Sikuwahi kumpazia mama sauti. Alitoa mfuniko na kunionyesha. Maharagi. Maharagi peke yake.

Paja lilikuwa linaning'inia juu ya moshi, limefungwa kwa kamba ya mgomba, halijakatwa. Niliketi chini kwenye majivu.

"Nilikungojea," mama alisema, sasa ameogopa yeye. "Papa Rukara alisema wewe unamufanyia kazi muzuri. Mimi nikasema: nyama hii mutoto wangu atapitisha kwanza. Si wewe njo unajua nyama? Angalia, sikuweka hata chumvi. Nilisema Vumilia aje aseme kama iko muzuri."

"Haiko muzuri, Mama."

"Basi si umesema. Inuka kwenye majivu."

Papa Hangi alifika jua likiwa limeshuka, anatembea kama mtu anayekanyaga mayai, na Safari nyuma yake amebeba chokaa. Alimnawisha mama mikono kwa sabuni na maji ya moto mpaka mama akasema hata siku ya harusi hakunawishwa hivyo. Alichoma paja na kamba yake. Tulipanda kwa Papa Rukara. Nyama yote nyingine ilikuwa bado pale, imepangwa juu ya majani, tayari kwa majirani. Pamoja na ngozi, na kondoo wa pili hajafunguliwa. Wale wazee wawili waliwasha moto mkubwa, wakachimba shimo refu kuliko Safari, wakamwaga chokaa. Hakuna aliyemtania mwenzake. Halafu Papa Hangi alishika mkono wa kuume wa Papa Rukara, ule aliokuwa anaukuna mbele yangu siku ya Alhamisi. Pale juu ya kiganja kulikuwa na kipele kimevimba, na katikati kilikuwa kimeanza kuwa cheusi.

"Inauma?"

"Haiumi. Inawasha tu."

"Haiumi njo ubaya wake. Safari atakupeleka disipanseri sasa hivi, wakupige penisilini. Si kesho."

Papa Rukara alinitazama, mimi nikatazama chini. Alikuwa na haki ya kusema neno lolote. Alisema: "Mademwazeli, siku ingine ukisema hakuna shida, niandikie kwenye karatasi, niende nayo kwa Mungu." Kisha akaweka kofia na kushuka na Safari. Nikuambie mapema usiwe na wasiwasi: alipona. Alilala disipanseri majuma mawili, amebaki na kovu, na analionyesha kwa kila anayekuja hapa, akisema: "Hii kashe nilipigwa na yule musichana wa Kifaransa."

Lakini jioni ile hatukujua kama atapona. Na kopi zangu tisa zilikuwa kwenye vilima tisa, zikisema ubaya ni makala, na kondoo aliyekufa kwa kula majani hana shida. Papa Hangi alisema kesho yeye atapanda kwa wachungaji wa juu, miguu ipende isipende. "Watu wa vilima vya huku wote wanakuja kanisani Muheto. Hao ni wako."

"Papa, mimi siwezi kusimama mbele ya kanisa nzima."

"Sikukuambia usimame mbele ya nani. Nimesema ni wako."

Usiku, nyumbani kwa mama, nilijaribu kuandika barua mpya ya machifu kwenye karatasi ya daftari la shule. Niliandika neno la Kifaransa, nikalifuta. Nikaandika makala, nikafuta. Mwisho niliona kwamba Kiswahili chetu hakina jina la ugonjwa ule, na kwamba jina si lazima. Mchungaji haoni jina, anaona damu. Ukitoka hapa na fundisho moja tu, Furaha, liwe hili: usitafsiri neno mpaka umeona kitu chenyewe, ao umeuliza mwenye kukiona.

Kesho yake asubuhi, Yenga, nilifika kwenye kapela kabla ya mtu yeyote. Mlango wake ni mwembamba, watu wanaingia mmoja mmoja kwa sababu ya nguzo. Nilisimama pale kwenye nguzo. Mbele ya watu wote sikuweza, lakini mtu mmoja nilimweza. Na akipita huyo, anakuja mwingine, naye ni mmoja tu.

Kila aliyefika nilimshika mkono na kumwambia: "Kondoo, mbuzi ao ng'ombe akikufa gafula, damu ikitoka puani na haigandi, usimufungue. Usimuchune. Usimukule. Umwite Papa Hangi. Na ile barua ya makala ilikuwa kosa yangu mimi." Kisha nikamwambia: "Rudilia," yaani aseme tena maneno yaleyale. Sikumwachia mkono mpaka amerudilia. Mwanamke mmoja alisema, "Weye mutoto, nimekuja kusali," akarudilia. Yule mzee niliyempita njiani alikataa kunipa mkono, nikamshika mkono wa koti. Akarudilia akiangalia upande mwingine. Mstari ulirefuka mpaka kwenye mihogo. Wengine walinichekea kwa habari ya makala, na walivyokuwa wanacheka walirudilia vizuri zaidi.

Katekista alikuja wa mwisho, na kengele mkononi, amechelewa, anataka kupita. Nilimshika yeye pia.

"Vumilia, niache, nianze sala."

"Ndiyo, Papa Katekista," nilisema. "Kwanza rudilia."